Leso Juu ya Kreti

Adventina wa Igogo alifuma vitambaa vya kufunika kila kitu nyumbani kwake: viti, redio, chupa ya chai, hata mtungi wa maji. Mumewe, Jovinary, hakuchoka kumtania.

"Mama Koku, siku nikisinzia hapa nitaamka nimefunikwa."

"Wewe? Uzi wenyewe hautatosha," alijibu Adventina, akiendelea kufuma.

Mwaka 1995 Jovinary alipata kazi kwenye kampuni binafsi ya pamba, akapelekwa ng'ambo ya ziwa, Sengerema, kwa msimu mzima wa ununuzi. Wiki ya sita Adventina alipanda kivuko hadi Kamanga, kisha gari, akafika kwa mumewe bila taarifa.

Alikuta chumba kimefagiwa vizuri. Kreti la soda lilikuwa limepinduliwa kuwa meza, na juu yake palitandikwa leso nyeupe iliyopigwa pasi. Katikati ya leso palikuwa na kopo la maua ya porini.

"Nani anakutandikia?" aliuliza Adventina.

Jovinary alitazama pembeni. "Mimi mwenyewe. Chai ilikosa ladha juu ya kreti tupu."

Adventina alicheka mpaka akaketi kitandani. Alipopata pumzi aliigusa ile leso.

"Umeitandika kinyume, Baba Koku. Upindo hukaa chini."

Aliigeuza taratibu. Jovinary alimimina chai kwenye kikombe chake kimoja, wakanywa kwa zamu. Kabla haijaisha alimwomba mkewe kwa sauti ya chini, wapima pamba waliokuwa nje wasisikie, amfundishe kufuma.