Sera Aliyosomewa Wendell

Jumapili ile baada ya ibada, Lorna Teunissen aliondoa sahani za mchana, akafuta makombo ya viazi mezani, akatandaza vipeperushi viwili ubavu kwa ubavu. Kimoja kilikuwa cha Seneta Laskowski, kingine cha Gavana Prentiss. Wote wawili walikuwa wa chama kimoja, wote wakiutaka urais, na wote waliapa kwamba ndio wanaojua namna ya kuwatibu watu. Mkutano wa chama wa kuchagua mgombea ulikuwa umekaribia, na Lorna alikuwa mtu wa kusoma kabla ya kuamua.

Mdogo wake, Wendell, alikuwa amekaa karibu na jiko, mguu wa kushoto ameuweka juu ya kiti. Kiwanda cha chakula cha mifugo cha pale mjini Orrin kilipofungwa, Wendell alipoteza lori alilokuwa akiendesha pamoja na bima ya afya. Kisukari hakikufungwa. Tangu hapo alikuwa akijidunga nusu ya insulini aliyoandikiwa ili ifike mwisho wa mwezi, na kisigino kilikuwa na kidonda kisichotaka kupona.

"Soma kwa sauti, dada," alisema. "Macho yangu yana ukungu leo. Na usiruke maneno, nakujua wewe."

Lorna akaanza na Laskowski. Seneta huyo alitaka bima moja ya serikali kwa kila mtu, mwenye kazi na asiye nayo, na bima za kazini zife. Alipofika pale palipoandikwa kwamba hakuna atakayeulizwa kadi mlangoni mwa hospitali, mguu wa Wendell ukaanza kutoa mvuke mwembamba, kama mkate uliotoka jikoni sasa hivi. Wendell akavua soksi. Ngozi iliyokuwa na rangi ya kiazisukari ilikuwa imegeuka kuwa ya waridi, na kidonda kilikuwa kimefumba.

"Una joto?" Lorna aliuliza.

"Hadi kwenye vidole. Endelea."

Akaendelea. Alipomaliza alikunywa kahawa, na kahawa ilipokwisha mguu ulikuwa umesharudi kuwa baridi na kidonda kimeachama.

Kesho yake, akipita kuchukua dawa zake mwenyewe, Lorna alimweleza Bwana Huisman, mwenye duka la dawa. Huisman hakuinua hata kichwa.

"Ya Laskowski? Ndiyo, kwa wengi inafanya kazi. Msomee baada ya chakula. Ila sehemu ya kodi iruke, inachafua tumbo."

"Na mbona nikinyamaza mguu unarudi kule kule?"

"Ni sera hiyo, Lorna. Siyo dawa."

Basi Lorna akawa anamsomea mdogo wake kila jioni baada ya kula. Wendell aliweza kutembea hadi dirishani na kurudi huku dada yake akimfuata nyuma na kipeperushi, akisoma kama mchungaji anayefuata jeneza, na wote wawili wakicheka. Mara nyingine koo lilimkauka akasita kumeza mate, na Wendell akashika ukuta.

Cha Prentiss alikuwa hajakisoma kwa sauti. Lorna alikuwa mpishi wa shule, na shule ilimpa bima nzuri. Bima hiyo ndiyo iliyomlipia sindano ya baridi yabisi, na bila sindano hiyo vidole vyake vingejikunja kama tangawizi, asiweze kushika mwiko. Hata akiwa na sindano havikunyooka sawasawa. Na Gavana Prentiss alikuwa ameahidi kwamba mwenye bima ya kazini hataguswa. Wasio na bima nao wangefikiwa, polepole, miaka ikiruhusu.

Jioni moja Wendell alimkuta jikoni anashindana na kifuniko cha chupa.

"Kaa chini," alisema. "Kila siku wewe tu unanisomea. Leo zamu yangu."

"Wewe huoni maandishi."

"Haya ya wanasiasa ni makubwa. Kaa."

Akakishika kipeperushi cha Prentiss mbali na uso, akaanza. Alikuwa hajafika mbali Lorna alipohisi vifundo vinalegea kimoja kimoja. Vidole vikanyooka. Akavitazama juu na chini. Kisha akachukua sindano na uzi, kazi aliyokuwa ameiacha muda mrefu, akaanza kumshonea Wendell vifungo vya shati lake la Jumapili. Uzi ulipita tunduni mara ya kwanza tu.

Alipoinua macho, aliona mguu wa Wendell juu ya kiti umekuwa wa buluu, na barafu nyembamba imeganda kwenye kucha. Wendell alikuwa anatetemeka, lakini anasoma.

Lorna angeweza kusema, "Basi, inatosha." Kilikuwa kimebaki kifungo kimoja. Alimwacha asome mpaka mwisho.

Usiku huo, kitandani, alijisomea cha Laskowski peke yake kwa sauti ya chini, mkono mmoja ameuweka chini ya taa. Alitaka kuona sera hiyo ingemdhuru namna gani. Alisoma yote, na sehemu ya kodi pia. Vidole havikupinda zaidi wala havikuuma. Vilibaki vile vile. Akazima taa, na hakuweza kulala, kwa sababu angependa viume.

Siku ya mkutano theluji ilianguka tangu asubuhi. Wendell alivaa shati lake la vifungo vipya, akajaribu kuingiza mguu kwenye kiatu, akashindwa.

"Nenda wewe," alisema. "Simama kwa Laskowski. Huko huruhusiwi kusimama kwa niaba ya mtu mwingine, najua, lakini wewe ukisimama ni kama nimesimama."

"Sawa," alisema Lorna.

Mkutano ulikuwa katika bwalo la shule, palepale alipowapakulia watoto chakula. Kwao siku hiyo hakuna kutumbukiza karatasi. Kila mtu anakwenda kusimama kwenye pembe ya mgombea wake, majirani wanatazamana, na pembe yenye watu wachache mno inafutwa. Kabla ya kuhesabiwa, wasemaji walizisoma sera. Waliposoma ya Laskowski, mzee Fokke akaacha kukohoa, akaitoa mirija ya hewa puani, akaizungusha mkononi. Binti wa kina Brandsma akasimama kwenye kiti chake cha magurudumu ili aone vizuri. Walipomaliza kusoma, mzee Fokke akairudisha mirija, na yule binti akakaa. Mwenyekiti akasema kila mtu aende kwenye pembe yake.

Lorna akaenda kwa Prentiss. Walimu walikuwa huko, na mkuu wa shule, na wapishi wenzake. Walimpisha nafasi bila kuuliza.

Watu walihesabiwa. Gert Vander Ploeg, jirani yake wa ng'ambo ya barabara, akavuka ukumbi mbio mbio kutoka pembe ya Laskowski mpaka mbele yake, miwani imefunga ukungu.

"Lorna! Tumepungukiwa mtu mmoja. Mmoja tu, la sivyo tunafutwa. Bado kuna nafasi ya kuhama. Njoo, mama."

"Magoti yangu, Gert," alisema Lorna.

"Ni hatua chache tu. Nitakushika mkono."

"Nimeshasimama hapa."

Gert alimtazama, kisha akatazama chini. "Wendell hajambo?" aliuliza.

"Hajambo."

Pembe ya Laskowski ikafutwa. Waliokuwa wamesimama humo wakatawanyika kwenye pembe nyingine, wengine wakachukua makoti yao wakaenda nyumbani.

Lorna aliporudi nyumbani, Wendell alikuwa bado macho, na shati lake bado mwilini.

"Enhe, vipi?"

"Walikosa mtu mmoja," alisema Lorna. Lilikuwa neno la kweli.

Wendell akajipiga paja kwa ngumi.

"Ningekuwa mimi huyo," alisema. "Ningetambaa hata kwa magoti. Mtu mmoja tu! Mjinga mimi, nimekaa hapa na soksi."

"Usiseme hivyo."

"Nisiseme nini? Wewe umekwenda kwenye theluji na mikono hiyo, mimi nimekaa jikoni. Nisamehe, dada."

Lorna alivua koti akalitundika. Alisema chai itakuwa tayari sasa hivi.

Kabla theluji haijaisha, Laskowski alijitoa kwenye kinyang'anyiro. Kiangazi kilipoanza, madaktari waliukata mguu wa Wendell chini ya goti. Mwezi huo huo bodi ya shule ilibadilisha kampuni ya bima ili kubana matumizi, na sindano ya Lorna haikuwamo kwenye bima mpya. Hakuna mgombea aliyeigusa bima yake.

Jioni baada ya kula, Wendell bado alitaka kusomewa. Kipeperushi kilikuwa kimechanika mikunjoni, lakini Lorna alikijua kwa moyo. Alisoma, na mvuke ukaanza kupanda kwenye blanketi, chini kabisa, mahali ambapo hapakuwa na mguu.

"Una joto?" aliuliza.

"Hadi kwenye vidole," alisema Wendell, akafumba macho. "Unajua, bado naifikiria siku ile. Mtu mmoja. Hujanisamehe, eti?"

Lorna alifungua mdomo. Mvuke ulianza kupungua.

"Usiache, dada," alisema Wendell.

Akaendelea kusoma. Vidole vyake vilikuwa vinamuuma tangu asubuhi. Alivinyoosha kadiri vilivyoweza, akaviweka juu ya blanketi, pale palipokuwa na joto.