Waliokuja Kumlilia Masika

Jana usiku, nimelala na njaa zangu na hasira zangu, niliota punda wangu Masika amekufa mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa jana mchana, nyuma ya nyumba, na hakuja jirani hata mmoja kunipa pole. Eti punda si mtu.

Nashika jembe nimzike. Jembe linanitazama. "Mama Chilewa, ardhi hii ya kiangazi siiwezi. Tafuta mwenye meno."

"Mvivu mkubwa wee," naliambia.

Nageuka, uwanja wangu umekuwa ukumbi, mikeka imetandikwa. Wa kwanza kufika ni tumbusi, vichwa vitupu.

"Pole, mama," anasema mkubwa wao. "Tumenyoa kwa ajili ya marehemu."

Anafuata kongoti, ndege mrefu mla mizoga, na koti lake jeusi, kisha bweha, anayejifanya anapita tu. Fisi anaingia wa mwisho, anacheka.

"Unacheka kwenye msiba wangu?"

"Ndivyo ninavyolia, mama. Sikupewa sauti nyingine."

Tumbusi mkubwa ndiye mwenye mdomo wa kupasua ngozi. Asipoanza yeye, wadogo wanashinda na njaa. Lakini amesimama tu. "Tunangoja ruhusa ya mfiwa," anasema.

Nasema sitoi! Masika amenibebea maji miaka yote. Alimbeba mume wangu hadi zahanati, akamrudisha maiti. Watoto wangu wako mjini, hata simu hawapigi. Nikiongea, aliyesikiliza ni huyu. "Basi niachieni mgongo tu," nasema.

"Kwetu hakibaki kitu," anasema fisi kwa upole. "Mifupa ndiyo fungu langu."

"Sasa mimi nitamwona wapi?" Nalia, nalia hasa, mpaka bweha anaona aibu.

Tumbusi mkubwa anatazama juu. "Wewe ungemweka chini, mama. Sisi tutampandisha."

Nikasema haya, anzeni. Nikakaa nao hadi mwisho, maana ndio pekee waliokuja.

Nilipoamka jua lilikuwa limeshapanda. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Hapakuwa na kitu, hata kwato, udongo tu umelowa. Angani tumbusi mmoja alikuwa akizunguka, juu kabisa.

"Masika!" nikaita, mtu mzima mimi.

Kule juu, punda akalia.