Kioo Kinachotanua

...na bado umetanuka, nimebonyeza tena pale Hashimu aliponiambia nibonyeze, kioo kikazima, kikawaka, na kifua cha mume wangu kikarudi vilevile, kipana kama mlango wa ghala, na katikati yake moyo, ule weupe, umelala upande kama kiazi kilichovimba... "Madam, kwenye vipimo vya kioo umeiona elfu moja mia tatu sitini na sita?" Hashimu ananiuliza kwenye simu, yuko Kibondo amefuata mzigo wa duka lake, yeye ndiye aliyeiuzia shule hii monita, na juzi akapiga Windows upya, namwambia haipo, Hashimu, nimetafuta, zipo mbili ndogo tu na zote zinanenepesha, "basi ni draiva, ile programu ya kuendesha kioo, Madam, kioo ni kipana ila kompyuta haikijui, inaivuta picha mpaka ijae," inaivuta, nimelipenda neno hilo, kwa hiyo moyo umevutwa, moyo wa Pasikali hauko hivyo, ni draiva tu, nimemshukuru Mungu kwa ajili ya draiva, mimi mwalimu mzima wa hesabu... nje ya mlango Pasikali anakohoa, amekaa kwenye benchi la wazazi, koti amelifunga mpaka kooni na jua lote hili, jana tumeshuka basi la Mwanza, kule hospitalini wametupa CD, picha ya eksirei imo humu, mpelekeeni daktari wenu wa Kasulu, na daktari wetu harudi mpaka kesho, sikuweza kungoja, nikasema naenda shule kusahihisha madaftari, akasema nakusindikiza, na kimlima hiki cha shule amekipanda akisimama kila mahali, anajifanya anaangalia mahindi ya watu, yeye aliyekuwa akibeba gunia la maharage kutoka shambani Titye mpaka barabarani bila kulitua, na siku hizi jioni miguu inajaa, nilibonyeza kwa kidole shimo likabaki, nikavuta shuka nikalifunika nisilione... "Madam, upo?" nipo, "chomoa waya wa nyuma uurudishe," nimechomoa, kioo kimekuwa cheusi na ndani yake nimeona uso wangu, mdomo wazi, nimeurudisha haraka, moyo uko palepale, haidhuru, jioni Hashimu atarudi na flashi yake, draiva itaingia, moyo utasinyaa, nitampikia dagaa, nitacheka peke yangu jikoni aniulize unacheka nini... halafu sauti ya daktari, siku ile alipotuandikia safari, kalamu mkononi, mwalimu, wewe wa hesabu utanielewa, tutapima upana wa moyo tuulinganishe na upana wa kifua, ukizidi nusu hapo tuna kazi... ukizidi nusu... rula iko mezani, sitaki, nimeichukua, nimeilaza kwenye kioo, kifua sentimita ishirini na nane, moyo kumi na saba, lakini picha imevutwa, jamani, imevutwa, na kifua nacho kimevutwa, vyote viwili, kwa kiasi kilekile, uwiano, nawafundisha watoto wa kidato cha kwanza, zidisha juu, zidisha chini kwa namba ileile, sehemu haibadiliki, wanaitikia darasa zima, haibadiliki... alete draiva, alete kioo kingine kutoka Dar es Salaam, kifua kitapungua na moyo utapungua nacho, na nusu itakuwa imepitwa vilevile, "Madam, nikupigie nikifika?" haya, Hashimu, safiri salama, nimekata, na benchi limelia, anainuka, asije, Mungu wangu, asije, nimefunika kioo kwa kiganja kama mwanafunzi anayeficha jibu. "Mama Bazilio, kimekubali?" Kimekataa. Ameshika fremu ya mlango, anatafuta pumzi, anatazama. "Ndiye mimi huyo?" Ndiye. "Mbona nimenenepa," anacheka, kicheko kinageuka kikohozi, nangoja kiishe, kioo kinatanua, namwambia, na ni kweli, ningeweza kukomea hapo, akaenda kulala na furaha yake mpaka kesho, na mimi nikalala macho, nikilihesabu shimo la mguu peke yangu kama nilivyofanya mwezi mzima... "Na hapo ulipofunika?" Ananiuliza taratibu, hana haraka, anajua, tangu lini anajua, kule kupanda mlima akiangalia mahindi alikuwa ananifichia mimi, kila mmoja na shuka lake... nimeondoa mkono. Moyo wako, nimesema. Amesogea, amekiinamia kioo kwa karibu kama mtu anayekagua mbegu. "Ni mkubwa." Na mdomoni draiva iko tayari, Hashimu yuko tayari, jioni iko tayari, naogopa, naogopa kuliko nilipoingia humu, kioo hakijabadilika hata kidogo... Ni mkubwa, Pasikali, nimesema, kesho tutaingia wote kwa daktari, atuambie wote. "Ego," anasema kwa Kiha chake, ndiyo, na anaketi kwenye kiti cha mwalimu wa zamu, goti lake limegusa langu.