Majimaji ya Punda

Mimi Shaame nimeongopa sana maishani, wala sioni haya kusema. Nilishamwambia Wambui kwamba kwetu Pemba nilikuwa na mbuzi anayepokea simu, na kwamba alikuwa hapokei za wanaodai. Wambui hucheka, husema, "Mzee, aki utaniua." Ila hii ya Jumatano ni kweli tupu.

Miaka thelathini niliosha vyupa katika maabara moja hapa London. Nimestaafu, lakini Jumatano hurudi kujitolea, maana nyumbani Hayes mke wangu Mardhiya hanitaki jikoni. Wambui anasomea uzamivu pale. Anatafuta protini moja iliyojificha ndani ya nyama ya moyo, na chombo cha kuitafutia ni kingamwili, yaani askari wa damu. Askari wake walitoka kwa mbuzi aliyechomwa sindano ya protini ile hadi damu yake ikaijua. Kila mbuzi hutoa mchanganyiko wake wa askari, haufanani na wa mwenziwe. Na mbuzi yule alikufa mwezi wa tatu. Limebaki tone ndani ya kichupa, la kutosha mara moja. Ijumaa wakubwa wanakutana. Asipowaonyesha mstari wa protini ile, utafiti unafungwa naye anarudi Nyeri mikono mitupu.

Asubuhi akaniambia, "Mzee Shaame, karatasi zilizonyonya protini za moyo ziko mbili. Moja ya leo, moja akiba kwenye friji. Nilowekee ya leo kwa majimaji ya damu ya punda. Kichupa cha majimaji hayo kiko kwenye barafu."

"Ya punda?"

"Ya punda."

Hakutabasamu hata kidogo, na hapo nikajua ananilipizia. Mtoto wa bara, kajifunza kwangu! Mimi nimempa mbuzi wa simu, yeye ananipa punda. Miaka yote ile nimeona karatasi zikilowekwa kwa maziwa ya unga, ili askari wasishike pasipowahusu. Nikachota maziwa, nikakoroga, nikaloweka, nikanyamaza. Nikawa nangoja acheke.

Baada ya saa nzima akaisuuza karatasi ndani ya trei yake, akalizimua tone la mbuzi, akalimimina juu.

"Hakuna lingine duniani," akasema.

Nikamchokoza. "Na punda wako je?"

"Punda ndiye kila kitu, mzee. Askari wa pili nitakaowatia, wale wenye kutoa mwanga, wametoka kwa punda. Kazi yao kumkamata mbuzi. Lakini mbuzi na ng'ombe kwao ni ukoo mmoja, hawatofautishi. Mtu akitia maziwa ya ng'ombe hapa watashika karatasi nzima. Picha inakuwa nyeusi tii, sioni kitu."

Meno yangu ya bandia yakagongana. Nikamwomba Mungu nife palepale, kisha nikakumbuka ufunguo pekee wa nyumba ninao mimi, Mardhiya akitoka atalala nje. Niseme? Atanichukia. Ninyamaze? Ijumaa itasema yenyewe. Saa nzima nilifuta meza moja, ileile, na kila trei ilipotikisika nilisikia kama mbuzi analia.

Kengele ya saa ikalia. Wambui akaibeba trei hadi kwenye sinki.

"Usimwage!" nikapiga kelele. "Nilitia maziwa."

Akacheka. "Leo umeishiwa, mzee. Hiyo hata haichekeshi."

"Wallahi maziwa!"

"Na yule mbuzi wa simu alisemaje?" Akaiinamisha trei. Tone la kwanza likadondoka.

Nikamkamata mkono. Sijawahi kumkamata mtoto wa mtu namna ile. Kwa mkono wa pili nikachopoa kichupa cha punda kutoka kwenye barafu, nikamwekea machoni. Utepe wa kifuniko ulikuwa bado mzima, haujakatwa.

Kicheko kikamkatikia kinywani. Hakunitukana, laiti angenitukana. Aliitoa karatasi kwa kibano akaiweka kando, na yale majimaji akayarudisha chupani polepole.

"Hao waliomo bado wana nguvu?" nikauliza.

"Wengine wameshashikamana na karatasi uliyoiharibu. Waliobaki, sijui." Akaitoa ile ya akiba. "Haya. Tia punda, nikikuona."

Nikatia. Saa zikaenda, akawamimina tena wale askari wa mbuzi, kisha wale wa mwanga. Mwisho akaiingiza karatasi kwenye mashine ya picha, tukasimama mbele ya kioo. Dakika ya kwanza, kioo cheupe. Ya pili, cheupe. Nikasoma Ayatul Kursi kimoyomoyo, nikakosea, nikaanza upya. Ya tano ukatokea mstari mwembamba kama unywele, palepale ulipotakiwa.

Wambui akakaa sakafuni.

"Mzee, unauona au unanidanganya?"

"Nauona."

"Apa."

Nikaapa. Akaniapisha tena.

Nyumbani nilimsimulia Mardhiya yote, sikuongeza hata chumvi. Alinisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwa punda, akainuka kwenda kuangalia chungu chake.