Kaseti ya Privatus

Mwaka sabini na tisa Privatus alirudi kijijini Murukulazo, Ngara, kutoka vitani Uganda, akamkabidhi mdogo wake Zita kaseti moja nene, nyeusi. "Si niliahidi nyimbo za harusi yako? Hizo hapo!"

Zita mbio kwa Telesfori, fundi redio. Fundi akapuliza vumbi kwenye meno ya shaba ya kaseti ile, akacheka mpaka machozi. "We binti, hii haina utepe! Ni mchezo wa kuchezea kwenye televisheni."

Televisheni? Ngara nzima haikuwa na hata moja!

Zita hakutaka kaka yake aaibike. Siku ya harusi aliiweka kaseti juu ya redio, wote waione. "Betri zimeisha jamani, tuimbe wenyewe!"

Privatus aliimba mpaka sauti ikakauka. Mpaka leo Zita akiishika kaseti ile, anamsikia.