Kadi ya Mfano

Walisema dawa ile inamponya mtoto kifafa lakini inamsahaulisha mama yake.

Neno hilo nililipata asubuhi moja kwenye benchi la nje ya chumba namba kumi na moja, tukingoja kuitwa. Aliyelileta alikuwa Mama Pacha, mwanamke mcheshi ambaye mmoja wa mapacha wake alikuwa kwenye utafiti pamoja na binti yangu. "Nimesikia tu, shoga yangu," alisema huku akimfunga mtoto kamba za viatu. "Kuna mmoja alipona kabisa, hata kope haimchezi. Mama yake akamwita, mtoto akamtazama kama unavyomtazama mpita njia." Akacheka, akahamia kwenye habari ya shemeji yake aliyenyoa ndevu akafanana na kiazi. Yeye alihama. Mimi neno lilinikaa kama mwiba wa samaki kooni: ukimeza lipo, ukikohoa lipo.

Binti yangu alikuwa na miaka mitano. Tulimwita Chiriku, kwa kuwa asubuhi alikuwa akianza kusema kabla hajafumbua macho, na usingizi ulimkuta katikati ya sentensi. Mara mbili tatu kwa wiki alikuwa akianguka. Shingo inageukia kushoto, mkono unakakamaa, maneno yanakatika kama redio iliyochomolewa ukutani. Akizinduka anauliza, "Nilikuwa nasema nini?"

Aliyenisukuma kwenda hospitali ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Mimi nilikuwa bado nahangaika na mafuta ya kuchua. Ni hospitali kubwa, ile wanakofundishwa madaktari, na pale huendi chumba kimoja ukarudi nyumbani. Watu wa macho walimmulika, watu wa moyo walimsikiliza, watu wa ubongo walimbandika nyaya kichwani, na kila chumba kulikuwa na wanafunzi wa udaktari sita nyuma ya mkubwa wao, wakiandika kila alichokohoa. Chiriku aliwapenda. Alimuuliza mmoja kama koti lake jeupe lina mfuko wa pipi.

Chumba namba kumi na moja kilikuwa cha utafiti. Dawa mpya ya maji, watoto thelathini na wanane, wiki nane. Nesi wa pale tulimpa jina la Sista Kadi. Alinisomea karatasi ya kukubali ukurasa kwa ukurasa, nami nilimsikiliza kwa sikio moja, la pili likiwa kwa Chiriku aliyekuwa anaparamia dirisha. "Mama, siku yoyote ukitaka kutoka, unatoka, na mtoto ataendelea kutibiwa kama kawaida." Hilo alilisema. Siwezi kusema halikusemwa. Nikatia sahihi. Nikapewa chupa, bomba la plastiki lenye mistari ya kupimia, na kadi ya kujaza kila siku: dawa kiasi gani, saa ngapi, ameanguka au hakuanguka. Mililita tatu asubuhi, tatu jioni.

Wiki mbili za mwanzo nilimpa zote.

Kisha siku moja Chiriku akaamka usingizi wa mchana, akanitazama kwa macho yake mazito, akasema, "Shangazi, nipe maji."

Alikuwa ametoka kukaa siku tatu kwa shangazi yake, wifi yangu huyo. Mtoto yeyote hukosea hivyo. Mimi mwenyewe huita watoto wangu wote kabla ya kumfikia ninayemtaka. Lakini mwiba ulikuwa umeshakaa, na siku ile ulichoma. Jioni nilivuta mililita tatu, nikampa moja. Mbili nikazimwaga kwenye tundu la maji bafuni, nikafuatisha kopo la maji. Kwenye kadi nikaandika: 3.

Nilimwaga kwa sababu Sista Kadi alikuwa anapima. Kila tulipokwenda aliimimina dawa iliyobaki kwenye bilauri ndefu ya kioo, akainama mpaka jicho likawa sawa na mstari. Chupa yangu haikuwahi kuzidi wala kupungua. Na mambo ya kuanguka niliyaandika kweli, kila mara na saa yake. Ukichanganya ukweli na uongo kwenye karatasi moja, msomaji hajui aanzie wapi kushuku. Daktari wa utafiti aliona mtoto anakunywa dawa yote na bado anaanguka, akafanya ambalo daktari yeyote angefanya. Akapandisha mpaka tano. Baadaye nane. Nami nikawa namwaga zaidi, nikimpa mbili.

Siku nyingine nilisahau hata kuandika. Nikawa najaza wiki nzima jioni ya kabla ya kwenda, kwa kalamu tatu: ya buluu, nyeusi, na moja iliyokuwa inavuja, ili ionekane kila siku na mkono wake. Sista Kadi aliiinua kadi yangu mbele ya wanafunzi. "Hii ndiyo kadi," alisema. "Mama huyu kaishia darasa la saba. Nyinyi wa chuo kikuu mnaniletea mikwaruzo ya kuku." Wakacheka, mmoja akaomba aishike. Naomba mnielewe hapa, simaanishi mnisamehe. Tangu niache shule hakuna mtu aliyewahi kuinua karatasi yangu juu. Nilirudi nyumbani nimenyoosha shingo kama mtu aliyebeba mtungi kichwani.

Wiki ya sita ya zile nane, baba yangu alianguka akavunjika nyonga. Ilinibidi niende kwetu siku nne. Chiriku nilimwachia wifi.

Wifi yangu ni fundi cherehani. Kwake hakuna "kama hapa hivi", kuna kipimo. Nilimkabidhi begi, chupa, bomba na kadi. Alivaa miwani, akasoma. Mimi nilikuwa na kiatu kimoja mguuni. Ndani yangu kulikuwa na maneno mafupi tu: wifi, usimpe nane, mpe mbili. Lakini angeuliza kwa nini. Na huyu ndiye aliyeniambia hospitali, hospitali, mpaka nikaenda. Nikajipa moyo: siku nne, zitamfanya nini?

"Kwa hiyo nane?" akauliza.

"Nane. Fuata kadi."

Siku ya tatu alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wifi, mtoto analala tu. Nimemwita, nimemfinya. Tumempeleka hospitali." Sikuuliza ana nini. Nilikaa chini pale pale uani kwa baba, nguo mbichi mkononi, na nilijua.

Nilimkuta wodini ana mpira puani na mwingine wa hewa. Daktari alikuwa kando ya kitanda na wanafunzi wake. Wifi alisimama mbele yao ameshika bomba la dawa, na kwenye mstari wa nane alikuwa amefunga uzi mwekundu ili asikosee. Daktari akavuta maji mpaka kwenye uzi, akaliinua kwenye mwanga. "Nane kamili," akasema. Kisha akafungua kadi yangu, akawageukia wanafunzi. "Dawa siyo tatizo. Ameitumia wiki sita, tumempandisha hatua kwa hatua, na mwili umeizoea. Tutafute kwingine." Wakatafuta kwingine. Wakamkunja mwanangu ubavu kama jongoo, wakamchoma sindano uti wa mgongo kutoa maji, wakihofia homa ya uti wa mgongo. Damu ilipelekwa maabara nyingine, majibu siku tatu.

"Na dawa ya kifafa isikatishwe," daktari akamwambia nesi wa wodi. "Ikikatika ghafla ataanguka mfululizo. Mpeni kwa mpira."

Nesi akaja na nane. Nilikuwa nimeshika unyayo wa Chiriku. Niliiona dawa ikipanda kwenye mpira, ikapinda, ikaingia puani. Nikanyamaza.

Mume wangu alikuwa ukumbini akimhoji dada yake. "Dada, fikiri vizuri. Ulimpa nini kingine?" Wifi akafikiri. Alihesabu kwa vidole asubuhi na jioni, akaanza upya. Aliporudi aliketi karibu yangu. "Labda nilimpa mara mbili nikasahau," alisema. "Umri huu, wifi, mtu unaweka sindano mdomoni halafu unaitafuta mezani." Alikuwa anajipekua mwenyewe akitafuta kosa ambalo nilikuwa nalo mimi. Nikampigapiga mgongoni. Nikamwambia, "Usijilaumu."

Asubuhi yake wakampa nane ya pili. Nilinyamaza tena. Niliogopa kutolewa kwenye utafiti, niliogopa mume, niliogopa polisi, lakini nikisema kweli tupu, nilichoogopa zaidi ni uso wa Sista Kadi akiitazama ile kadi. Mchana pumzi za Chiriku zilikuwa za kuhesabu. Nilikuwa nikifika kumi na tano kati ya moja na nyingine.

Jioni nesi yule wa wodi alikuja na ya tatu.

"Sista, ngoja," nikasema. "Kwangu hajawahi kunywa nane. Nilikuwa nampa mbili. Nyingine namwaga."

Hakunifokea. Aliliweka bomba kwenye sinia taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka. "Tangu lini?"

"Tangu wiki ya tatu."

Akatoka, na viatu vyake vikaanza kukimbia kabla mlango haujafunga. Wifi alikuwa ng'ambo ya kitanda. Alivua miwani yake.

"Nane uliyoniambia mlangoni," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Haya," akasema. Akachukua mtandio wake akatoka.

Chiriku alifumbua macho baada ya siku nne. Yuko hai, nisiwatie hofu mpaka mwisho. Ana miaka kumi na miwili sasa. Haanguki, anatumia dawa ile ile, mililita tatu asubuhi na tatu jioni, na kunijua ananijua. Ila mkono wa kushoto hauna nguvu, na maneno yake yanatoka moja moja, kama mtu anayevuka mto akikanyaga mawe. Darasani wakimngoja amalize, wengine huchoka wakamalizia wao. Nilimuuliza daktari ni kiasi gani kilitokana na ugonjwa na kiasi gani kilitokana na siku zile. Alisema hakuna wa kujua. Alilisema kwa huruma, na afadhali angenitukana.

Utafiti uliendelea bila sisi. Sista Kadi ndiye aliyenieleza, bila kuinua sauti, kwamba kwa sababu ya kadi kama yangu walikuwa wameanza kuamini tatu hazitoshi, na watoto wengine walipandishwa mapema. Mmoja wao alikuwa pacha wa Mama Pacha, aliyesinzia juu ya daftari mwezi mzima mpaka wakamshusha.

Nilikutana na mama yake kwenye lango la hospitali. Nikamuuliza kama na yeye alikuwa anapunguza dawa.

"Mimi? Nilikuwa nampa yote," akasema, akishangaa. "Kwa nini nipunguze?"

"Si wewe ulisema inasahaulisha?"

"Nilisema nimesikia, shoga. Sikusema nimeamini."

Wifi bado anamshonea Chiriku sare za shule. Huja, hukaa, hunywa chai, hucheka na watoto. Lakini nikimtajia kipimo chochote, hata cha kiuno cha sketi, huitikia vizuri, kisha huvuta utepe wake shingoni na kumpima mtoto mwenyewe.

Mama mwenzangu, kama umepewa kadi na chupa, basi:

Usitie sahihi huku unamwangalia mtoto. Mpe mtu amshike kwanza.

Neno la kwenye benchi usiende nalo nyumbani. Ingia nalo chumbani kwa daktari, hata kama litakuaibisha.

Usipunguze dawa kimya kimya, na usiimwage. Ukiona huwezi kuendelea, sema unatoka. Wanaruhusu.

Usijaze leo siku ya juzi. Uliyosahau iache wazi.

Usifurahie kusifiwa kwa kitu ambacho hukukifanya.

Unayemwachia mtoto usimwachie karatasi peke yake.

Usimwambie mtu asijilaumu ikiwa wa kulaumiwa ni wewe.

Na usingoje kuulizwa. Mimi sikuulizwa na mtu. Kadi yangu ilikuwa safi mno.