Mvua ya Sura ya Saba

Jumamosi hiyo saluni ilikuwa imejaa mpaka wengine wamekalia ndoo zilizopinduliwa. Msusi alikuwa kwenye sinki, anamwosha mteja dawa ya nywele. Wifi yake, ambaye mtaa mzima unamwita Wifi Redio kwa kuwa hakuna habari inayopita kwake ikabaki siri, alisimama katikati ya chumba akisoma kwa sauti sura ya saba ya riwaya ya Msusi. Alipofika pale mwanamke wa kwenye hadithi anapoanza kupanda njia ya mawe, mvua ikaanza kunyesha mle ndani.

"Zimeni draya," alisema Msusi bila kugeuka.

Mtu wa karibu na ukuta akachomoa waya. Wateja wakasukuma mikoba chini ya viti. Mama Miwani akavua miwani yake akaificha kifuani. Wifi Redio alikuwa ameshazitia karatasi kwenye mfuko wa nailoni, kwa hiyo aliendelea kusoma bila kukosa neno, maji yakimtiririka puani. Mvua ilikuwa ya wastani, isiyo na radi. Sura ilipoisha, nayo ikakatika.

Aliyebaki mkavu alikuwa mmoja tu, dada mmoja aliyekuwa amesinzia kwenye kona.

"Wewe hukusikiliza," Wifi Redio alimwambia.

"Nimesikia yote."

"Basi tuonyeshe hata unyevu, shoga yangu."

Dada yule akajipapasa mabega, yote makavu. Msusi akachukua tambara akaanza kukausha sakafu.

Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Aliyeisoma sura ile kwa moyo wake wote, au akaisikiliza kwa moyo wake wote, alilowa. Aliyepitisha macho tu alibaki kama alivyokuja. Wa kwanza kulowa alikuwa mpiga chapa wa steshenari. Alimrudishia Msusi karatasi zake na kumwambia kwamba sura zote kaziandika vizuri, ila hiyo ya saba ilibidi avae koti la mvua. Hakuongeza bei. Alisema alikuwa na hamu ya kujua kama yule mwanamke atafika.

Msusi aliiandika riwaya hiyo akiwa kazini, kati ya mteja na mteja, daftari likiwa limefichwa nyuma ya picha za mitindo na kalamu imechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe. Ni hadithi ya mwanamke ambaye wajomba zake wamechukua cherehani ya marehemu mama yake, naye anaamua kwenda kuidai. Katika sura ya saba anapanda kilima, mvua inamkuta katikati ya njia, na yeye harudi nyuma. Basi. Hakuna kingine.

Hakuwa mtu wa kutaka sifa tupu. Alitaka kuambiwa, na wateja wake hawakuwa watu wa kumficha.

"Mvua yako ina baridi mno," alisema Mama Miwani, akijifuta. "Mimi na kifua changu hiki?"

"Kule kilimani kuna baridi, mama."

"Basi mpe huyo mwanamke hata mtandio. Mtu katoka kwao kwa hasira, sawa, lakini hata mtandio amesahau?"

Msusi akalifikiria jambo hilo akisuka, akaona mama kasema kweli. Usiku akaongeza mtandio. Kuanzia hapo wasomaji walilowa vilevile, ila mabegani wakahisi joto kidogo.

"Na yule mjomba mkubwa muue," alisema bibi harusi mtarajiwa, kichwa chake kikiwa mikononi mwa Msusi.

"Sijafika kwenye kuua."

"Sura ya tisa basi."

Hakumuua, lakini alimpa maumivu ya jino, nao wateja wakaridhika.

Mwalimu mstaafu wa mtaa huo aliomba mswada akae nao nyumbani. Aliurudisha ukiwa umesahihishwa vituo kwenye kurasa chache za mwanzo, na ukurasa wa mwisho ameandika kwa wino mwekundu: *Hongera, nimeisoma yote.* Msusi alimtazama viatu. Vilikuwa vimeng'arishwa, vikavu kabisa. Akamshukuru, akampa kiti, na Wifi Redio alipofungua mdomo akamkanyaga mguu. Mtu mzima haumbuliwi mbele ya watu.

Aliyemtatiza ni mumewe. Mumewe ni fundi bomba, na watu wote, hata mkewe, humwita Fundi. Tangu Msusi alipompa nakala yake, kila akimuuliza amefika wapi, Fundi alijibu, "Naendelea." Na kila jioni alirudi nyumbani amelowa kuanzia kofia mpaka soksi, kama alivyokuwa akirudi tangu siku walipooana. Sasa hapo mke apeleleze vipi? Mke wa mtu mwingine angetazama shati tu akajua. Yeye alikuwa akilianika shati la mumewe kwenye kamba huku akijiuliza haya ni maji ya nani, ya mabomba ya watu au ya kwake. Karibu watu wote mtaani walikuwa wameshalowa, na huyu mmoja ambaye angetaka awe wa kwanza alikuwa hajulikani. Hakumuuliza zaidi. Aliogopa jibu.

Mswada ulipokuwa tayari, aliufunga kwa uzi mweusi wa kusukia, akapiga fundo la wasusi, lile ambalo halifunguki kwa kucha mpaka likatwe. Akaupeleka kwenye kampuni ya uchapishaji, ghorofa ya pili, ofisi yenye zulia la kijivu. Dada wa mapokezi alimwonyesha rundo la miswada kwenye meza ya pembeni. Mmoja kati ya hiyo ulikuwa unatoa joto, na dada yule alikuwa ameweka kikombe chake cha chai juu yake kisipoe. Mwingine, kule chini, ulikuwa unakoroma polepole.

"Weka hapo," alisema dada. "Kila kitu kinasomwa kwa makini."

Alinyanyua mswada wa moto pamoja na kikombe, Msusi akatia wa kwake chini yake.

Ikapita miezi. Siku simu ilipopigwa, Msusi alikuwa na kichwa cha mtu magotini.

"Kamati yetu imeisoma riwaya yako kwa makini sana," alisema Mchapishaji mwenyewe, sauti nzito ya mtu aliyekwisha kunywa chai. "Kwa bahati mbaya haina matukio. Chukua mfano sura ya saba. Hakuna kinachotokea."

"Mlilowa?" aliuliza Msusi.

"Samahani?"

"Mliposoma sura ya saba. Mlilowa?"

"Mama, jengo letu lina paa zuri tu," alisema Mchapishaji.

Msusi akamshukuru, akarudi kumalizia kichwa. Kabla hajafika kisogoni, Wifi Redio alikuwa ameshawapa habari duka la dawa, fundi viatu na watu wa kituo cha bodaboda.

Saluni ikageuka baraza la ushauri. Mpwa wa Mama Miwani alisema siku hizi mambo yote ni mtandaoni, akaipiga picha sura ya saba na kuirusha kwenye kundi la mtaa. Jioni hiyo simu za mtaa mzima zilizimika zikitiririsha maji, na kila nyumba ikawa na simu iliyozikwa kwenye mchele. Fundi wa simu alimletea Msusi kreti ya soda kwa kumshukuru.

"Njia hiyo imefungwa," alisema Wifi Redio. "Twende kwa yule wa kadi za harusi."

Mwenye mashine ya kadi za harusi alikubali. "Kuchapa nitachapa. Ila hiyo sura yako inatoka mashineni imelowa chapachapa, mimi sina pa kuianika."

Wakaianika saluni. Walifunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, wakabana kurasa kwa vibanio vya nywele. Siku hizo mteja akisukwa, macho yako juu, anasoma. Akishasoma, analowa. Akishalowa, lazima asetiwe upya. Biashara ya kuseti haijawahi kunoga vile, na hakuna aliyelalamika. Kurasa zilipokauka zikashonwa, zikatiwa jalada, na Msusi akaishika riwaya yake mkononi ikiwa kitabu. Alitoka nayo nje akatembea mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, kichwa kimenyooka kama aliyebeba ndoo iliyojaa. Hakumsalimu mtu kwanza. Siku hiyo alingoja asalimiwe, na alisalimiwa.

Kitabu kikatembea. Wauza miavuli wakahamia mbele ya saluni. Watu wa mitaa ya mbali wakaanza kuonekana wakishuka kwenye magari wakiwa wamelowa siku za jua kali, na wenzao wakiwaona wanasema tu, "Ah, umefika ya saba." Hatimaye mke wa Mchapishaji naye alikuja kusuka, akaondoka anachuruzika.

Wiki iliyofuata simu ikapigwa tena. Sauti ilikuwa ileile nzito, ila sasa ilikuwa na haraka. Kampuni ingependa kuitoa riwaya hii kwa nchi nzima. Kampuni ilikuwa inaiamini tangu zamani.

Siku ya kutia sahihi Msusi alifunga saluni, na watu wakamwambia asithubutu kwenda peke yake. Alikwenda na Wifi Redio, Mama Miwani na wateja waliokuwa na nafasi. Fundi naye hakwenda kazini. Alivaa shati la pasi na suruali ya suti, akachana nywele. Njiani Msusi alimtazama kwa kuibia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumwona mumewe mkavu, akaona ni mzuri, akaingiwa na huzuni kidogo, kisha akajikaza.

Pale mapokezi waliambiwa wasubiri. Wanawake walianza mazungumzo kama wako kwao. Fundi alikaa kiti cha mwisho, akatoa mfukoni nakala aliyopewa na mkewe, ile ya mwanzo ya steshenari. Ilikuwa imevimba na kujikunja kama kitu kilicholowa na kukauka mara nyingi. Akaifungua katikati. Ni msomaji wa polepole, anafuatisha kwa kidole, midomo inachezacheza. Msusi alikiona kidole kikishuka mstari kwa mstari. Akaona tone la kwanza kwenye kola ya shati la pasi. Kisha mabega yote mawili. Kisha maji yakaanza kudondoka kidevuni, yakafuata suruali ya suti, yakaingia zulia la kijivu.

Wifi Redio, kwa mara ya kwanza maishani, alikuwa na habari asiitangaze.

"Mzee, unalowesha zulia," alisema dada wa mapokezi.

"Si mimi," alijibu Fundi, akainua uso uliolowa, akamwonyesha kwa kidole chake kilichojaa sugu. "Ni mke wangu."

Mlango wa ndani ukafunguka, Mchapishaji akatoka na tai nyekundu na mikono miwili mbele. Aliona dimbwi, akatazama dari. "Bomba la juu tena hilo! Niitieni fundi."

"Fundi ni mimi," alisema Fundi. "Hakuna bomba linalovuja hapa, bwana. Hii ni sura ya saba."

Mchapishaji akacheka kama mtu mwenye adabu anavyocheka mzaha asioujua. Akaliruka dimbwi, akamshika Msusi mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu kama chaki.

"Nilipoisoma tu, mama, nilijua," alisema. "Mvuto wake! Matukio yake!"

Msusi aligeuza macho kwenye meza ya pembeni. Mswada wake ulikuwa palepale alipouweka, uzi mweusi umeuzunguka, fundo lake likiwa zima kama alivyolipiga. Wifi Redio naye aliliona, akavuta pumzi ya kutosha habari ndefu, na Msusi akamkanyaga mguu.

Akasoma mkataba wote, kila kifungu, huku Mchapishaji akitazama saa. Akauliza maswali yake. Akafutisha kifungu kimoja, kikafutwa. Kisha akatia sahihi. Jina lake siku hiyo aliliandika kubwa, likavuka mstari, na hakuomba radhi. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka watu wa ghorofa ya tatu wakachungulia ngazi, na Fundi, akichuruzika, akapiga makofi yanayorusha maji.

Walipokuwa wanatoka, Msusi alisimama kwenye meza ya pembeni akaweka kiganja juu ya mswada wa moto. Ilibidi akiondoe upesi.

"Huu ni wa nani?"

"Wa mzee mmoja," alisema dada wa mapokezi. "Huja hapa kuulizia. Mstaarabu sana."

"Naomba niusome."

"Hairuhusiwi, mama. Miswada ya watu ni siri. Usijali, kila kitu kinasomwa kwa makini."

Akasogeza kiti chake kukwepa zulia lililolowa, akanyanyua kikombe kutoka juu ya mswada, akanywa. Chai ilikuwa bado ya moto.